Kujitolea Baada ya Mafuriko: Mwongozo Kamili wa Anayekwenda Kusaidia

Mei 2020 nilifika Kasese, magharibi mwa Uganda chini ya milima ya Rwenzori, na koleo jipya begani. Siku ya pili mtu aliliazima, na hadi leo hajalirudisha. Sikulihitaji tena. Kazi iliyonishika wiki zote zilizofuata ilikuwa kuandika majina kwenye daftari la kurasa 96, na kama ningeambiwa mapema kwamba kujitolea ni ukarani zaidi ya kubeba mawe, ningekosea mara chache zaidi.

Mwezi ule mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilivunja kingo zake. Hospitali ya Kilembe iliharibiwa na maji. Walionusurika walilala kwenye shule, ambazo zilikuwa tupu kwa sababu ya korona, na baadaye wengine wakahamia kambi kama ile ya Muhokya, ambako kuna familia zilizokaa miaka. Mimi ni mtu wa Bwera, mpakani na Kongo, ambako Kiswahili ni cha sokoni, cha kambi ya jeshi na cha mgeni yeyote asiyejua Lhukonzo, lugha ya Wakonzo wa huko. Ndiyo maana niliitwa: palihitajika mtu wa kutafsiri. Haya nimeyajifunza huko, mengi kwa kukosea, na nimeyapanga kwa hatua ili wewe unayetaka kwenda kesho, iwe Kasese, au Bududa, Bulambuli na Mbale upande wa Mlima Elgon, ukosee mengine.

Hatua ya 1: Jiulize kama unahitajika

Watu wengi wanaookolewa kwenye maporomoko na mafuriko huokolewa na majirani, saa za mwanzo, kwa majembe na mikono. Wewe unayetoka Kampala au Mbarara utafika hayo yakiwa yamekwisha. Utakuta njaa, matope na watu waliochoka, na tumbo lako litakuwa moja la nyongeza.

Kabla ya kufunga mfuko, pata majibu ya maswali matatu: nani atanipokea kwa jina, nitalala wapi, na nitakula nini bila kugusa chakula cha waathirika. Ukikosa hata jibu moja, tuma pesa ubaki nyumbani. Hakuna aibu. Wanaotafutwa kweli ni wauguzi, mafundi bomba, madereva wenye magari ya kupanda milima, na watu wanaojua lugha mbili tatu. Hiyo ya lugha usiidharau: nimemwona daktari mzima akikaa bure saa tatu kwa kukosa mtu wa kumuulizia mama mjamzito anaumwa wapi.

Hatua ya 2: Piga hodi kwa mpangilio

Anza na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Halafu tarafa, kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Halafu wilaya, ambako kuna kamati ya maafa na ofisi ya RDC, mwakilishi wa rais wilayani. Kitaifa shughuli hizi ziko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na mara nyingi utakuta Msalaba Mwekundu wa Uganda wamekwisha kufika. Jiunge na kundi lililopo. Kuanzisha kundi lako lenye nembo yako ni kuongeza mkutano mmoja kila asubuhi.

Omba barua yenye muhuri na utembee nayo. Wakati wa karantini ilikuwa lazima: boda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu, si abiria, na gari bila kibali cha RDC lilirudishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Lakini hata nyakati za kawaida barua hiyo inakuokoa na swali utakaloulizwa kila siku: wewe ni wa chama gani? Kwa sababu hiyo hiyo, usivae fulana ya njano, nyekundu wala bluu. Nilikuwa na fulana moja ya bluu niliyoipenda, na nusu siku nzima ilipotea nikieleza kwamba niliinunua kwenye mitumba.

Kila mahali pana historia yake, nawe uijue kabla hujafungua mdomo. Kasese ina kidonda cha Novemba 2016, watu zaidi ya 100 walipouawa katika mapambano kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu. Mgeni anayezunguka na daftari akiuliza majina ya vijana wa kiume anaogopesha. Mimi sikuelewa kwa nini wamama walikuwa wakinitajia mabinti tu, mpaka mzee mmoja aliponivuta kando akaniambia, "Mwalimu, tembea na mwenyekiti. Peke yako unaandika kama askari."

Hatua ya 3: Mfuko

Gambuti. Taa ya kichwani, maana mikono yote miwili itakuwa na kazi. Dawa zako za kila siku kwa mwezi mzima. Sindano ya pepopunda kabla ya kuondoka, kwa sababu matope ya mafuriko yamejaa misumari na mabati. Chakula kikavu cha siku tatu, chandarua, pawabanki. Pesa taslimu za noti ndogo ndogo, kwa kuwa ajenti wa mobile money ndiye wa kwanza kuishiwa floti mji ukipata balaa. Madaftari mawili, kalamu nyingi, na mfuko wa plastiki wa kuyafunga yasilowe.

Hatua ya 4: Usiwe maiti nyingine ya kutafutwa

Nyamwamba ulikuwa umefanya hivyo hivyo tarehe 1 Mei 2013. Mwaka uliotangulia moto ulikuwa umeunguza uoto wa juu wa Rwenzori, na mlima uliochomwa hauyashiki maji. Mto wa milimani haujai taratibu kama ziwa. Unakuja na mawe makubwa kama matangi na magogo, na sauti yake huisikii kama maji bali kama lori linalomwaga kokoto.

Sikiliza sauti hiyo. Maji ya kasi yanayofika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima, basi usivuke ili uonekane shujaa. Na hili liweke kichwani kuliko yote: mto ukipungua ghafla huku mvua inanyesha, ondoka bondeni mara moja. Maana yake juu kuna udongo uliouziba, na ukiachia utashuka wote kwa pamoja. Kwenye miteremko ya Elgon na Rwenzori angalia pia nyufa mpya ardhini, miti iliyoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, au chemchemi inayotokea pasipokuwa na maji. Ukiona mojawapo, usilale hapo, na uwaambie wenye nyumba kwa upole lakini usiku uleule.

Kuhusu miili ya waliokufa: hofu kwamba italeta mlipuko wa magonjwa mara nyingi haina msingi. Magonjwa huletwa na maji machafu na msongamano wa walio hai. Kwa hiyo usiharakishe mazishi ya pamoja. Acha ndugu watambue wapendwa wao na wawazike wanavyojua.

Hatua ya 5: Daftari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila kitu kinachogawiwa baadaye, blanketi, unga, mabati, hata kiwanja cha kuhamia, kinapita kwenye orodha. Aliyekosa kuandikwa siku ya tatu anaweza kukosa nyumba mwaka wa tatu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika nyumba. Nilipita mlango kwa mlango, nikahesabu kuta zilizoanguka, nikaandika mwenye nyumba. Jioni bibi mmoja aliyekuwa akinitazama akaniuliza, "Mwanangu, umeandika nyumba. Nyumba inakula?" Kwenye ile nyumba moja kulikuwa na vyumba vinne vya wapangaji. Mwenye nyumba alikuwa amepata godoro na sufuria; wapangaji wanne hawakuwa na lolote wala mahali pa kulalamikia, na aliyewapangisha alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Tangu hapo nahesabu mafiga. Wanaopika chungu kimoja ni kaya moja. Kwa njia hiyo mke wa pili naye anaonekana, ambaye ukiandika kwa jina la mume hupotea kabisa.

Kosa la pili ni la majina yenyewe. Wakonzo humpa mtoto jina kufuata zamu yake ya kuzaliwa. Mumbere, Bwambale, Baluku, Masika, Biira, Mbambu: nenda kijiji chochote utawakuta kumi kumi. Mimi, mtu wa Bwera niliyekua na hawa watu, niliandika "Masika, watoto 4" nikaona nimemaliza. Siku ya kugawa blanketi walisimama Masika saba. Wa kwanza kufika alichukua za yule mwenye watoto wanne, na hakuiba, jina lilikuwa lake. Andika majina yote mawili, kisha jina la mama yake au la mume, kisha alama ambayo mtaa unamjua kwayo: wa kwa fundi cherehani, wa karibu na daraja, muuza ndizi. Namba ya simu kama ipo. Bududa na Bulambuli utakuta mitego mingine ya majina, basi waulize wazee kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Kosa la tatu ndilo ninaloliona aibu hadi leo. Watu wengi walikuwa wamepoteza dawa zao kwenye maji: za presha, za sukari, za kifua kikuu, na ARV. Nikaziandika kwenye daftari lilelile, pembeni ya jina. Siku ya mkutano nikaanza kusoma orodha kwa sauti chini ya mwembe, na jicho langu likaangukia herufi tatu pembeni ya jina la binti mmoja neno moja tu kabla sijalitamka. Nilijifanya nakohoa. Mambo ya ugonjwa hayaingii kwenye daftari la wote. Yaandike kwenye karatasi ya peke yake, mpe muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji mkononi, na usibaki na nakala. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, mtaa hausahau.

Na bado kuna ambao hutawaona kambini kabisa. Waliopokewa na shangazi au shemeji kijiji cha pili, ambao wenyeji wao sasa wanalisha watu kumi kwa shamba la watu watano. Wazee waliobaki kulinda mbuzi. Wakongo wasio na karatasi, wanaoogopa kuandikwa kokote. Tenga siku nzima ya kuwatafuta hao tu.

Orodha ikiisha, isomwe hadharani, majina na idadi ya watu tu. Hapo ndipo majina hewa hufa. Hakuna mkaguzi mkali kama jirani: "Huyo yuko Kampala tangu Krismasi!" Kisha nakili mara mbili, moja kwa mwenyekiti, ya pili kwa mwanamke anayeaminika ambaye si wa ukoo wa mwenyekiti. Mkisaini, weka tarehe na namba za kurasa.

Jambo dogo linalohusiana: ndagamuntu nyingi huenda na maji, na bila kitambulisho laini ya simu haisajiliwi upya, wala msaada wa pesa hauingii. Wasaidie watu kupata barua ya LC1 na ya polisi mapema. Ni kazi ya foleni, haina picha nzuri, na nilishukuriwa kwa hiyo kuliko kwa kila blanketi nililowahi kubeba.

Hatua ya 6: Maji, vyoo, chungu

Kipimo kinachotumika kimataifa ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga vikiwa ndani. Familia ya watu sita inahitaji jerikeni nne na nusu za lita 20 kila siku. Hesabu hivyo kabla ya kushangilia lori moja la maji.

Maji ya matope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha tia klorini kama pakiti inavyosema (vidonge vina nguvu tofauti, usikisie), subiri dakika 30. Jerikeni yenyewe isuguliwe ndani kwa mchanga na sabuni. Nimeona maji safi yakimwagwa kwenye jerikeni ya kijani kibichi. Kwa Kasese kuna neno la ziada. Nyamwamba unapita kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe na kuyachukua. Klorini huua vijidudu, haiondoi madini. Tafuteni chemchemi au bomba linaloleta maji kutoka juu ya mgodi.

Vyoo: kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, mkisogea mfike kimoja kwa watu 20, angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji. Vya wanawake viwe mbali na vya wanaume, viwe na komeo la ndani na mwanga njiani. Waulize wanawake wenyewe vikae wapi kabla ya kuchimba, maana vyetu vya kwanza viliwekwa nyuma ya kibanda cha pombe na hakuna aliyevitumia usiku. Mtoto akianza kuharisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi, na safari ya zahanati hapohapo.

Chakula ndicho chenye kichekesho chake. Kila mtu huleta maharage makavu na unga wa posho, yaani wa ugali wa mahindi. Maharage hutaka kuni za saa tatu, na kambi haina kuni. Kwa hiyo watu huuza nusu ya maharage wanunue mkaa wa kupikia nusu nyingine, kisha mfadhili anakuja na kulalamika kwamba msaada unauzwa sokoni. Leteni mkaa, au waambieni watu waloweke maharage usiku kucha. Na kwa Wakonzo, bundu, ugali wa muhogo, ndicho chakula; posho huliwa, lakini huliwa kwa heshima ya mgeni.

Hatua ya 7: Siku ya kugawa

Gawa asubuhi, mchana wanaume wengine wamekwisha kunywa. Toa tiketi zenye namba siku moja kabla, ili foleni isiwe vita. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wawe na mstari wao na kivuli chao, na watafutiwe vijana wa kuwabebea. Vitu vikiwa pungufu ya orodha, sema kabla ya kuanza, na wao waamue nani asubiri. Usiamue wewe.

Kama una uwezo wa kuchagua cha kuleta, nilichoona watu wakikigombania ni hiki: pedi na chupi mpya, sufuria, majembe, tochi za sola, na kufuli. Ndiyo, kufuli. Aliyepoteza kila kitu anataka kufunga alichobakiza. Nguo za mitumba zilirundikana mpaka mbuzi wakalalia. Soko likiwa linafanya kazi, pesa kwa simu ni bora kuliko vyote. Ukituma, ongeza ya kutolea, kwa sababu ada ya ajenti na kodi ya asilimia 0.5 hulipwa na yule asiye na kitu.

Hatua ya 8: Mdomo, kamera na watoto

Sema "pole" na ukae. Usiseme "angalau uko hai", wala "Mungu ana mpango wake". Hilo la pili waachie wenye msiba walitamke wenyewe wakitaka. Jifunze salamu, na wasingya ya kushukuru. Ukikaribishwa chai kwenye kikombe pekee kilichosalia, inywe.

Usiahidi. Neno "tutaona" kwa masikio ya aliyepoteza nyumba ni "ndiyo". Niliwahi kusema "nitawauliza wakubwa kuhusu mabati", na wiki nzima watu walinifuata wakiniita Mwalimu wa Mabati.

Picha, omba ruhusa, mwonyeshe mtu jinsi alivyotokea, na akikataa usibembeleze. Mtoto aliyepotelewa na wazazi hapelekwi na msamaria yeyote, hata mwenye gari zuri na Biblia mkononi. Anaandikishwa kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kisha anatafutiwa ndugu. Ukiona au ukisikia mtoto anadhulumiwa, au mtu anadai "shukrani" ya kimwili ili amwandike mwanamke kwenye orodha, piga 116, ni bure. Laini hiyo inaitwa Sauti, na pengine ndilo neno la Kiswahili linalojulikana na Waganda wengi kuliko yote.

Hatua ya 9: Kuondoka

Utaondoka, wao watabaki, na swali la kuhama litakuja. Usiwe mwepesi wa kuwalaumu wanaorudi mlimani. Baada ya udongo kufunika Nametsi, Bududa, tarehe 1 Machi 2010, familia nyingi zilipelekwa Kiryandongo, upande mwingine kabisa wa nchi, na baadhi zikarudi. Kahawa yao iko mlimani, makaburi yako mlimani, na imbalu, tohara ya vijana, huchezwa kwao. Serikali baadaye ikajenga nyumba Bunambutye, karibu zaidi, na bado Novemba 2024 maporomoko yaliwakuta watu Bulambuli kwenye miteremko ileile. Ukiulizwa ushauri, uliza nawe: shamba la huko lina ukubwa gani, hati iko kwa jina la nani, shule iko wapi.

Tangaza siku ya kuondoka wiki moja kabla. Kabidhi daftari mbele ya watu, ukionyesha kurasa zilizojaa na zilizobaki. Lipa madeni ya chai na ya boda. Acha namba moja ya simu.

Yangu ililia mwaka uliofuata, saa mbili usiku. Alikuwa Masika, akajitambulisha kuwa ni yule wa karibu na daraja. Kuna watu walikuwa wamekuja na karatasi mpya, akataka kujua kama bado yumo. Nikamwambia aende kwa mwenyekiti, ukurasa wa 31, mstari wa tatu kutoka chini.